Neno Nililomnyima Bukuru

Tangu tumzike dada yangu, majirani wa mtaa huu wa Gitega hawajui wanisalimie vipi. Zamani ilikuwa rahisi. Sisi tulikuwa mapacha, na kwa watu wa mama yangu, waliohamia nchi hii kutoka Burundi, pacha hasalimiwi peke yake. Hata ukimkuta mmoja njiani unataja majina yote mawili, ukianza na la aliyetangulia kuzaliwa. Bukuru ni jina la pacha wa kwanza, Butoyi ni la yule anayefuata, mimi nilifuata. Kwa hiyo kwa miaka karibu sabini nimeitikia salamu ya watu wawili, na Bukuru vilevile alipokuwa kwenye meza yake ya kushonea kule sokoni Kimironko. Juma lililopita mama mmoja anayeuza mkaa aliinua mkono, akaanza, “Amahoro, Buku…” kisha akaziba mdomo. Nikamwambia, “Malizia tu, mama, si vibaya.” Hakumalizia. Tulisimama pale kama watu waliogongana mlangoni, kila mmoja anamngoja mwenzake apite.

Siku ya kuondoa matanga binti wa Bukuru, Esperansi, alisimama mbele ya watu akasimulia kwa nini mama yake, aliyekuwa na akili nyingi hivyo, aliishia kwenye cherehani. Alisema mama aliacha nafasi ya shule kubwa kwa sababu ya kumpenda pacha wake, hakuweza kumwacha. Watu walipiga makofi. Wanawake wawili walifuta machozi. Esperansi akaja kunikumbatia, mimi mjomba wake, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikapokea. Hadithi hiyo aliipata kwa mama yake mwenyewe. Bukuru aliwasimulia watoto hivyo, miaka yote, na mimi sikuisahihisha akiwa hai, na siku ile sikuisahihisha pia. Nilifika nyumbani, nikavua koti, nikakaa kitandani, nikaona nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Ndiyo sababu naandika. Naandika mwaka mmoja tu. Kati ya mwaka huo na leo kuna miaka mingine ambayo kila mtu wa nchi hii anaijua, na sitaigusa hapa; Bukuru na mimi tulibaki, wengi hawakubaki. Lakini kosa hili ni la zamani kuliko hayo yote, na ni langu peke yangu.

Tulikuwa na miaka kumi na saba, tuko mwaka wa tatu wa sekondari, dawati moja. Nyumba yetu ilikuwa hapahapa Gitega, kwenye mteremko, vyumba viwili na ua mdogo uliojaa mikeka. Mama aliuza dagaa wakavu. Dada yake mkubwa, tuliyemwita Mama mkubwa, aliwaleta kwa magunia kutoka Bujumbura, nasi tukawamwaga uani, tukawachambua, tukatoa mchanga na vijiti. Harufu yao ilikaa ukutani, kwenye blanketi, kwenye nywele. Mimi niliweka sare yangu ya shule ndani ya sanduku la bati pamoja na kipande cha sabuni, nikafunga kwa kufuli, na ufunguo nikauvaa shingoni. Bukuru alining’iniza yake kwenye msumari juu ya dagaa, akaenda nayo shuleni hivyo hivyo. Mtu akimwambia ananuka samaki, anajibu, “Ndiyo, leo ni wa Buja, wazuri kweli. Uje ununue.” Na anayemcheka anabaki hana la kuongeza.

Vitu vyote nyumbani vilikuwa viwili viwili. Vikombe viwili vya bati vyenye ukingo wa buluu, sahani mbili, mito miwili. Kiatu cha Bukuru kikipasuka, mimi pia napata kiatu. Nilipovunja chimni ya taa mama alinichapa, kisha akamwita Bukuru, akamgusa kwa fimbo ileile mgongoni taratibu, mara moja, akisema pole. Pacha anayepunjwa husinyaa, mama alisema. Na yule aliyepewa zaidi hana raha na alichopewa. Aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba maji ya moto yanaunguza. Sisi tulicheka, lakini hatukumcheka mbele yake. Mzee Saidi, fundi cherehani wa jirani, alikuwa akinitania kila nikipita kwenda bombani: “Bukuru na Butoyi, hamjambo! Mbona ndoo moja?”

Shuleni hapakuwa na viwili. Bukuru aliangalia hesabu kama mtu anavyoangalia chumba kinachohitaji kufagiliwa: anatazama kidogo, anaanzia pembeni, na baada ya muda kumekwisha. Mwalimu wetu wa hesabu, Madamu Konsolata, mwanamke mwembamba mwenye viatu vyeusi vilivyojaa chaki, aliacha kumwuliza maswali darasani kwa sababu wengine waliacha kufikiri wakimngoja yeye. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomngoja. Tofauti yangu na wao ni kwamba nilikuwa nikimngoja kwa siri. Nilikuwa mtu wa kufunika. Nilifunika daftari kwa mkono hata nikiandika tarehe. Nikiulizwa swali nilijibu kwa swali. Nilicheka midomo ikiwa imefungwa. Wavulana waliniita Kifuniko. “Kifuniko, leo umeatamia nini? Mayai yamefika mangapi?” Hawakujua walivyokuwa karibu na ukweli, maana chini ya mkono ule hapakuwa na kitu changu.

Ilikuwa hivi. Kila siku baada ya shule tulikaa uani tukichambua dagaa, na Bukuru alifanya kazi za hesabu mara mbili, yake na yangu. Yangu aliiwekea makosa. Makosa hayo hakuyaweka ovyo. Aliyachagua, kama mtu anayechagua kitambaa kitakachomfaa mwenzake.

“Leo umesahau kugeuza alama hapa,” aliniambia akiandika kwenye daftari langu. “Na namba tano umeikimbilia, hukumaliza mabano.”

“Kwa nini nisahau alama kila siku? Jana pia nilisahau.”

“Kwa sababu wewe ni mtu wa haraka. Madamu ameshakuzoea hivyo.”

“Mimi si mtu wa haraka.”

“Kwenye daftari ni wa haraka. Nyamaza, chambua.”

Alikuwa akicheka. Mimi pia nilicheka wakati mwingine. Lakini nilinakili yale makosa kwa mwandiko wangu kwa uangalifu kuliko nilivyonakili majibu sahihi, na nilipopata kumi na mbili kwa ishirini nilihisi kwamba hata kumi na mbili ni yake, hata nane nilizokosa ni zake. Mara nyingi alisema, “Njoo nikuonyeshe, Butoyi, si ngumu.” Nami nikasema kesho. Kumwambia dada yako sielewi, mliyekaa naye tumbo moja, niliona ni sawa na kuvuliwa nguo barabarani. Sasa naona ndilo jambo dogo kuliko yote niliyopaswa kufanya mwaka ule.

Siku chache kabla ya Pasaka, alasiri, nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kulala nikivua sare, Madamu Konsolata akabisha hodi. Alikuwa hajawahi kuja kwetu. Darasani alifundisha kwa Kifaransa na kukemea kwa Kinyarwanda, lakini kwa mama alisema Kiswahili, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba mama hamwamini mtu anayemsemesha lugha ya ofisini. Nilisikia kigoda kikivutwa. Nikasikia mama akimimina chai kwenye kikombe cha Bukuru, kisha akiweka changu kitupu pembeni yake. Nilizijua sauti za vikombe vile. Bukuru alikuwa bombani. Mimi hakuna aliyejua kwamba niko ndani.

Madamu alisema masista wana shule ya wasichana upande wa kusini, na wana mchepuo wa sayansi. Msichana mmoja ameolewa, kiti chake kiko wazi. Alimpelekea sista mkuu madaftari ya Bukuru bila kumwambia mtu, na sista amejibu: mlete baada ya Pasaka, gharama zote juu yao. Wanataka jibu kabla ya Jumatano ya baada ya sikukuu.

“Na Butoyi?” mama akauliza.

“Ni shule ya wasichana, Mama Bukuru.”

“Nimesikia. Nauliza, na Butoyi?”

Kijiko kilizunguka kwenye kikombe. “Butoyi abaki asome hapa. Nataka nikwambie kitu, usimpige. Makosa ya Butoyi ni mazuri mno.”

“Mazuri namna gani? Kosa ni kosa.”

“Mtoto asiyejua hesabu hukosea kila mahali, kama bati bovu linavyovuja. Huyu anavuja mahali palepale, na ni mahali ambapo ni mtu anayeijua njia tu anayeweza kuipoteza. Yule aliyeandika makosa hayo ni Bukuru.”

“Bukuru anakosea?”

“Bukuru hakosei, mama. Ndiyo maana nimemtambua.” Akaweka kikombe chini. “Akiondoka, huyu kijana atateseka muhula mmoja. Kisha ataanza kusoma mwenyewe.”

“Na asipoanza?”

“Asipoanza, basi tutakuwa tumejua.”

Nilikuwa nimesimama mguu mmoja ndani ya suruali, mwingine nje. Nilibaki hivyo mpaka alipoondoka. Maneno mengine yote ya alasiri ile, kwamba dada yangu amepata nafasi ambayo wasichana wa Gitega hawaipati, kwamba mwalimu alimhangaikia kimyakimya, yalipita juu ya kichwa changu. Nilishika moja tu: tutakuwa tumejua. Nilijiona kwenye ubao, chaki mkononi, na darasa zima linajua.

Sasa inabidi nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo kosa langu halieleweki. Mapacha hawatenganishwi hivi hivi. Sijui kama ni kwa watu wote wa kule au ni kwa ukoo wa mama tu, lakini kwetu ilikuwa hivi: pacha mmoja akipata kitu kisichogawanyika, ndoa au safari au kazi ya mbali, yule anayebaki ndiye anayemfungulia. Wanakaa kula. Anayebaki anachukua tonge kutoka bakuli la anayeondoka, anakula, na mkubwa wa upande wa mama anamwuliza mara tatu, “Umeshiba?” Akijibu, “Nimeshiba, aende,” basi yule anaondoka na hakuna atakayesinyaa. Asipojibu, haondoki. Hakuna hukumu nyingine juu ya hapo. Mama aliposema kwamba Mama mkubwa atafika Jumamosi na magunia ya dagaa, na Jumapili ya Pasaka tutakula, nilielewa kwamba ameshakubali yeye mwenyewe. Alichobakiza ni mimi. Alisema pia Madamu atakuja kula nasi. Niliona ajabu kidogo, mgeni kwenye jambo la ndani kama lile, lakini sikuuliza.

Jumamosi nilimkuta Bukuru bombani, foleni ndefu, ndoo yake imekwisha kujaa na hajaiinua. Macho yalikuwa mekundu.

“Utasema?” akaniuliza.

“Nitasema nini?”

“Usinifunike mimi, Butoyi. Wafunike wengine. Utasema au hutasema?”

“Nitasema.”

“Apa.”

“Nimesema nitasema, sha. Watu wanasikia.”

Akacheka, akanipiga kofi la bega. Kisha akaniambia kuna kitu chini ya mto wangu. Kilikuwa daftari jipya la kurasa mia. Alikuwa ameliandika siku nne mfululizo, ndiyo sababu ya macho yale. Ndani yake kulikuwa na hesabu zote za muhula uliobaki, alizipata kwa Madamu, na kila moja ameielezea kwa Kiswahili cha nyumbani, si Kifaransa cha darasani, hatua kwa hatua, na pembeni ameandika vitu kama: hapa ndipo utataka kuacha, usiache. Hakukuwa na kosa hata moja ndani yake. Asubuhi ya Pasaka, kabla ya misa, wakati mama akipasi nguo, nililifungua. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza niliuelewa. Wa pili sikuuelewa. Niliusoma tena mara tatu, nne, kisha nikalifunga, nikaliweka ndani ya sanduku la bati, nikapiga kufuli. Ningeweza kuingia chumba cha pili, hatua tano, nikasema, Bukuru, mstari wa pili. Alikuwa pale anasuka nywele. Alikuwa na siku nzima, alikuwa na furaha, angenieleza mara kumi.

Tulikula saa saba mchana. Mama mkubwa aliketi kwenye mkeka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, vidole vyake bado vina chumvi. Alimtania Madamu tangu alipoingia. “Mwalimu, kaa chini kama sisi, viti ni vya ofisi. Kwani miguu yako haikunjiki?” Madamu akakaa, sketi ikampa shida, wote tukacheka. Ugali wa muhogo ulikuwa katikati, maharage, na dagaa waliokaangwa na nyanya. Mama alikuwa amevaa kitenge ambacho alikivaa harusini tu. Bukuru alikuwa mbele yangu na bakuli lake. Alilisukuma kidogo upande wangu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukaa.

Nilichukua tonge, nikachovya kwenye bakuli lake, nikala. Nakumbuka ladha. Mtu angetegemea kwamba nimesahau, lakini nakumbuka, dagaa walizidi chumvi.

“Butoyi, mwana wa dada yangu,” Mama mkubwa akasema, na sauti ya utani ikawa imekwisha. “Umeshiba?”

Sikujibu. Hiyo ni kawaida. Mara ya kwanza watu huchelewa ili isionekane kwamba wanafukuza.

“Umeshiba?”

Niliangalia juu. Bukuru alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote. Hilo ndilo sijalisamehe katika nafsi yangu, kwamba hakuwa na wasiwasi.

“Butoyi. Umeshiba?”

“Bado,” nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sindano. Mama mkubwa akafuta vidole kwenye kanga. “Basi,” akasema. “Mtoto amesema.”

“Amesema nini?” Madamu aliuliza, akamgeukia mama, kisha mimi. “Bado ni nini? Mama Bukuru, hiki ni chakula!”

“Kwenu ni chakula,” mama akajibu, taratibu, bila hasira.

“Butoyi, niangalie. Una njaa? Niambie mimi, una njaa?”

Nilifunika bakuli kwa mkono. Sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Bukuru akainuka, akaanza kukusanya sahani, ingawa watu hawajamaliza kula. Alisema kitu kimoja tu: “Madamu, nikuletee chai?” Madamu hakutaka chai. Alivaa viatu vyake mlangoni akishika ukuta.

Watu wakisikia habari kama hii hufikiri kwamba ilikuwa neno la ghafla la kijana aliyeogopa. Ningependa kusema hivyo. Lakini jibu lilitakiwa Jumatano, na ile ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na siku tatu. Jumatatu Mama mkubwa alikuwa bado yupo, anahesabu magunia matupu, na angekaa tena kwenye mkeka kama ningemwomba. Jumanne mama alinifuata uani, akachuchumaa mbele yangu. “Mwanangu,” akasema, “kama umeshiba sasa, sema. Si aibu. Mtu anaweza kuchelewa kushiba.” Nilimwambia tumbo linaniuma. Akanishika kipaji cha uso, akaenda kunipikia chai ya tangawizi, na kikombe cha pili akamletea Bukuru, ambaye hakuwa anaumwa chochote. Bukuru alikinywa. Siku hiyohiyo jioni nilipanda mpaka nyumbani kwa Madamu. Alikuwa anaanua nguo. Nilisimama nyuma ya ua wake wa miyenzi, ile miti ya uzio yenye utomvu mweupe, mpaka akamaliza kamba nzima, akaingia ndani, nikarudi. Jumatano ikapita kama Jumatano nyingine. Kiti kile walimpa mtoto wa mtu mwingine.

Bukuru hakunigombeza. Alirudi kwenye mkeka, akaendelea kufanya hesabu zangu, na makosa aliendelea kuyaweka. Kilichobadilika ni kwamba hakunieleza tena ni makosa gani, hakusema wewe ni mtu wa haraka. Aliandika kimya, akanipa. Mwisho wa mwaka tulifanya mtihani katika vyumba tofauti. Nilipita kwa kuchungulia karatasi ya aliyekaa mbele yangu. Yeye alikuwa wa kwanza, lakini shule yetu ilikuwa na sayansi kwa wavulana tu, na wasichana walipelekwa kwenye upishi na ushonaji. Akasema kama ni kushona, Mzee Saidi yuko jirani na hafundishi kwa Kifaransa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilimaliza sekondari, mimi, na cheti changu kilinipa dawati kwenye ofisi ya mizigo pale uwanja wa ndege Kanombe, ambapo nilijaza fomu miaka thelathini bila mtu kuniuliza hesabu ngumu. Bukuru akawa fundi ambaye wanawake walivuka mji kumfuata. Alimpima mtu kwa macho. Wateja walisema ana kipaji, na nilipokuwa karibu niliangalia pembeni.

Miezi mitatu iliyopita alikuwa amelazwa hospitali, na mimi nilikwenda kila siku na chupa ya uji wa mtama. Alasiri moja watoto wake walikuwa wametoka, mgonjwa wa kitanda cha pili amelala na redio yake iko chini kwa sauti ndogo. Bukuru alikuwa amekonda sana lakini akili ilikuwa palepale. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema, “Bukuru, ile Pasaka.”

“Pasaka gani?”

“Unaijua.”

“Naijua. Nataka uitaje mwenyewe.”

Nikaitaja. Nilieleza yote, pazia, maneno ya Madamu, mstari wa pili wa daftari, ua wa miyenzi. Ilichukua muda. Alisikiliza akitazama dari. Nilipofika mwisho akasema, “Yule Madamu mimi ndiye niliyemwalika. Mama hakutaka mgeni. Nilijua unaogopa watu kuliko unavyonipenda, nikafikiri, akiwepo mtu wa shule ataona haya kukataa.” Akavuta pumzi. “Tungekula peke yetu labda ungesema.”

Nikamwambia hapana, nisingesema. Nilitaka asibebe hata kidogo cha mzigo ule. Lakini sijui. Mpaka leo sijui.

“Nisamehe,” nikasema.

“Nilikusamehe mwaka uleule. Ningewezaje kukaa na wewe nyumba moja? Na watoto niliwaambia vile kwa sababu wewe ni mjomba wao, wana mjomba mmoja.” Aliomba uji. Nilimshikia kikombe, akanywa mafunda mawili, akakisukuma. Nilidhani amemaliza. Nilikuwa tayari nafuta machozi na kuona kifua kinakuwa chepesi, kama mtu aliyesamehewa anavyopaswa kuona. Kisha akanigeukia.

“Lakini ile shule niliitaka, Butoyi.”

“Najua.”

“Hapana,” akasema. “Hujui. Ndiyo maana nakwambia.”